Marahaba ya Korogwe

Mwanangu wa mwisho hutuma picha kwa shangazi yake Mwanza akiwa amelala kitandani, kwa kidole kimoja, na picha ikichelewa kidogo tu anasonya. Nikimsikia anavyosonya namwangalia tu. Sina hamu ya kumsimulia. Lakini iko sauti moja ambayo nikiisikia hata leo, hata kwa mtu asiye na hatia, damu inanichemka. Ni sauti nzito ya mwanaume akiitikia "marahaba" polepole, kwa kujisikia, kana kwamba amerudishiwa mali yake.

Wakati huo nilikuwa karani katika ofisi ya Handeni ya kampuni iliyouza mbegu na mbolea. Ofisi ilikuwa vyumba viwili na ghala, nyuma ya soko, vumbi asubuhi, vumbi jioni. Makao makuu yalikuwa Korogwe, na huko ndiko ilikokaa mashine kubwa, kompyuta yenye kimo cha jokofu, iliyojengewa chumba chake na kupewa kiyoyozi chake, huku sisi wenye damu na jasho tukijipepea kwa magazeti ya zamani. Mzigo wote, wateja wote na magari yote ya kampuni yalikuwa ndani ya mashine hiyo. Sisi wa Handeni tuligawiwa skrini nyeusi yenye herufi za kijani, na kisanduku chenye vitaa vyekundu kilichoitwa modemu.

Kazi ilikwenda hivi. Mchana, wakulima wakishaweka oda zao, nachomoa waya kwenye simu ya mezani na kuuchomeka kwenye modemu. Modemu inapiga namba ya Korogwe, ya kule inapokea, na hizo mbili zinapigiana makelele mpaka zielewane. Hapo mlango wa mashine kubwa unafunguka na mimi naanza kuingiza oda moja moja, kijiji gani, mbegu gani, mifuko mingapi. Jioni mashine inafunga siku. Kilichoingia kabla haijafunga kinapakiwa kwenye lori la kesho yake. Kisichoingia kinabaki kwangu kwenye karatasi, na mbegu wanapewa watu wa kwingine.

Mtu wa Handeni hahitaji kuelezwa maana ya hilo. Mvua ya kwetu haibembelezwi. Inakuja inapotaka, inapita, na aliyechelewa kupanda anavuna majani ya kulishia ng'ombe. Kwa hiyo wakulima walikuwa wakisimama mbele ya meza yangu na kukikodolea macho kile kisanduku, na kila kitaa kikizima mtu mmoja lazima aulize, "Imeenda?"

Mara nyingi ilikuwa haijaenda. Laini ilikuwa inakatika, na hapo ndipo mateso yangu yalipoanzia. Laini ikikatika katikati ya kazi, mashine ya Korogwe ilihesabu kwamba mlango wa Handeni umeharibika, ikaufunga. Kutoka kwetu hukuweza kuufungua hata ungelia machozi. Wa kuufungua alikuwa mtu mmoja tu, mtunza mashine, mkazi wa Kilole, mtaa wa huko huko Korogwe, ambaye makarani wa ofisi nyingine walimwita mzee wa mashine. Na kwa kuwa tulikuwa na laini moja tu, ilinibidi nichomoe waya kwenye modemu, niurudishe kwenye simu, nimpigie, nimwombe afungue, nikate simu, niurudishe waya kwenye modemu, nianze upya. Wakati huo wote jua linashuka.

Siku ya kwanza nilipompigia nilikwenda moja kwa moja. "Habari za kazi. Mlango wa Handeni umefungwa, naomba utufungulie."

Akakohoa. "Kwenu hamjui kusalimia?"

"Nimesema habari za kazi."

"Hiyo unamsalimia mwenzako."

Nikatazama karatasi zilizonisubiri. "Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, binti. Haya, sasa sema shida yako."

Lazima nieleze hapa kwamba Mungu alinipa mwili wa mama mtu mzima na sauti ya mtoto wa shule. Mpaka leo mtu akipiga simu nyumbani nikapokea, ananiambia nimwite mama. Yeye sauti yake ilikuwa nzito, ya kukwaruza, yenye kikohozi cha watu waliokula chumvi nyingi. Nikamchukulia kuwa mzee wa kukaribia kustaafu, nikampa heshima ya mzee. Heshima si utumwa, nilijiambia. Basi kwa mtu yule ilikuwa utumwa mtupu.

Shikamoo ndiyo ikawa ufunguo wangu wa Korogwe. Nisipoitoa, mlango haufunguliwi. Nikiitoa haraka haraka, ananiambia nianze upya kwa adabu. Akishaitikia, inafuata hotuba. "Binti, umechezea nyaya tena." "Binti, hiyo ni simu ya kampuni, siyo ya kupigia soga na wachumba." Siku nyingine aliniacha nasubiri na simu sikioni huku nikimsikia anakunywa chai, anavuta fundo, anatua kikombe, anavuta tena. Nilimchukia kabla sijamwona sura. Waswahili wanasema adui mwombee njaa. Mimi yule nilimwombea njaa, na kiu, na umeme ukatike kwenye kile chumba chake cha baridi.

Vuli moja ilitupita namna hiyo. Mbegu zilikuja mvua imeshaanza kukata. Mama mmoja wa Kizigua, mkubwa wa umri na wa mwili, alipiga meza yangu kwa kiganja mpaka skrini ikatikisika. "Dada, hili jini lako linakula mbegu?" Nyuma yake alikuwapo mfugaji mmoja wa Kimasai aliyekuwa ameanza kulima mwaka huo huo, baada ya ng'ombe wake kumalizwa na ukame. Alinitazama, akakitazama kisanduku, akatoka. Kupigiwa meza niliona afadhali.

Vuli ya mwaka uliofuata ilipokaribia, meneja wetu alirudi kutoka kikao Korogwe na ujumbe. Handeni inapewa vuli hii tu. Oda zikishindwa tena kufika kwa laini, ofisi inafungwa, na wakulima wote, hata wa ndani kabisa, watasafiri wenyewe mpaka Korogwe kuweka oda. "Na mimi?" nikamuuliza. Akasema karani Korogwe wanaye. Nilikuwa na watoto wawili na baba aliyepofuka, mtu aliyeijua njia ya kisimani na ya msikitini kwa fimbo na kupapasa, na ambaye ukimtajia kuhama alikuwa anageuza uso ukutani. Kazi nyingine Handeni ya kulisha nyumba hiyo haikuwapo. Kwa hiyo mtu asidhani nilikuwa nagombana kwa ajili ya vitaa vyekundu.

Vuli ikaanza, na laini ikaendelea kukatika, tena wakati ule ule, baada ya chakula cha mchana, oda zikiwa zimepamba moto. Niliubadilisha waya. Nilisafisha vumbi. Nilifukuza mjusi. Kila mara nilirudi kulekule, shikamoo, marahaba binti, umefanya nini tena.

Alasiri moja laini ilipokufa, badala ya kukimbilia kumpigia mtu wa Kilole, nilichomeka simu na kuweka mkonga sikioni nikasikiliza tu. Nikasikia mtu anahema. Kisha sauti ya mwanamke mtu mzima, karibu kabisa, ikasema, "Haloo? Mwanangu?" Halafu mkonga ukatuliwa, kwa upole.

Nikaenda dirishani. Nyuma ya ofisi, ng'ambo ya ua, ilikuwa nyumba ya kampuni anayokaa meneja, na kutoka kwenye ukuta wetu ulitoka waya wa simu ukapita juu ya ua na kuingia sebuleni kwake. Laini moja, simu mbili. Nilikuwa nikiuona waya huo kila siku na kuanika kanga zangu zilizolowa mvua chini yake. Akiinuliwa mkonga kule, modemu yangu inakata roho huku.

Na aliyekuwa akiinua nilimjua. Vuli iliyopita bila shaka alikuwa mke wa meneja, ila sasa huyo alikuwa kwenye masomo ya siku arobaini Dar es Salaam, na mama yake mzazi alikuwa ameshuka kutoka Bungu, milimani, kuja kumlea mjukuu. Mkwe, kwa hiyo. Na meneja wetu alikuwa mtu wa mila. Tangu mama yule aingie, meneja hakuwa amekaa tena sebuleni kwake. Aliingia nyumbani kwa mlango wa jikoni, alikula chumbani, na wakikutana uani aliinamisha macho na kupita pembeni, mama naye akivuta kanga usoni. Watu walimsifia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemsifia.

Nikamfuata mezani kwake. "Laini inakatwa na simu ya nyumbani kwako. Mama anainua mkonga."

Hakushtuka. Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa anajua. "Yule ni mkwe wangu," akasema.

"Najua ni mkweo. Mwambie mchana asiishike."

"Nimwambie mimi? Nikae mbele ya mkwe nimkataze kushika kitu nyumbani kwangu?"

"Basi tuukate waya."

"Ukikata waya ataelewa kwamba nimemnyima simu." Akashika kalamu, akaiweka. "Ataondoka siku arobaini zikiisha. Vumilia."

"Vuli itakuwa imekwisha. Na mimi nitakuwa nimefukuzwa."

Akasema, "Heshima ya mkwe haivunjwi kwa ajili ya kompyuta," na kwa kweli alilisema kwa fahari. Heshima ilikuwa yake, sifa zilikuwa zake, na gharama alikuwa ameniandikia mimi.

Nikampigia mtu wa Kilole. Nilianza na shikamoo, nikamweleza kila kitu vizuri, waya, simu ya pili, mama mkwe, nikamwomba awaambie wakubwa wa Korogwe kwamba tatizo siyo karani. Akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. "Binti, sasa umefika mbali. Umemkosa wa kumsingizia mpaka unamsingizia mkubwa wako na mkwe wake? Huna haya?" Akafungua mlango, akakata simu.

Kesho yake mchana nilivuka ua. Mama alikuwa sebuleni, ungo wa maharage mapajani, anachambua. Simu iko pembeni yake, juu ya kitambaa cha kufuma, karibu kuliko hata kikombe chake cha chai. Nilimwamkia, akaniitikia, akanikaribisha kiti. Nikamweleza kwamba simu ile na ya ofisini ni laini moja, na kwamba akiinua mkonga mchana kazi yangu yote inakatika na wakulima wanakosa mbegu.

"Nani kakutuma?"

"Sikutumwa, mama. Nimekuja mwenyewe."

Akaendelea kuchambua. "Mwanangu yuko chuo. Wanaruhusiwa simu mchana, wakitoka darasani, wanapanga foleni. Aliniambia, mama nenda kwangu, kule kuna simu, nitakupigia. Nimekuja. Toka nije simu hii haijalia mchana hata mara moja. Nainua kuangalia kama imepona. Nikiinua nasikia mdudu analia humo ndani." Akatoa kokoto kwenye maharage, akalitupa mlangoni. "Kumbe mdudu mwenyewe ni wewe."

Sikuwa nimefikiria. Mchana kutwa modemu yangu iliishika laini, na binti yake kule Dar alikuwa akipiga anakuta inatumika, siku baada ya siku, na wenzake wanamsukuma kwenye foleni. Nilimwonea huruma, ndiyo, lakini huruma ile haikunilegeza. Nilikuwa nimekuja kutetea ugali wa watu watatu.

"Mkwe wangu anajua?" akauliza.

Nikanyamaza. Kwa mtu mzima kama yule, kunyamaza kulitosha.

"Anajua," akasema. "Anajua, na ameona haya kuniambia. Wewe hukuona haya."

"Mimi nina watoto, mama."

"Na mimi ninaye."

Hakupandisha sauti. Alirudisha macho kwenye ungo na hakunitazama tena, na mimi nikatoka bila kuagwa. Asubuhi yake alipanda basi la Korogwe na mjukuu mgongoni, akapandisha kwao Bungu. Hakumuaga mkwewe.

Meneja aliingia ofisini macho mekundu. "Umenivunjia nyumba," akasema, na hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyonielekezea kwa miezi. Baada ya hapo aliongea na ukuta. "Kuna mtu alete funguo za ghala." "Kuna mtu hajafunga dirisha." Tulikuwa wawili tu mle ndani. Nami nikajifunza kuujibu ukuta huo huo.

Lakini laini ilitulia. Vitaa viliwaka mchana mzima pasipo kupepesa, na oda zote za vijiji vyote ziliingia Korogwe kabla mashine haijafunga siku. Malori yalikuja yamejaa. Yule mama wa Kizigua alibeba mfuko wake kichwani, akanikonyeza na kusema jini limeshiba. Yule mfugaji naye alipata zake, na safari hii aliniuliza habari za nyumbani. Na kwa kuwa mlango haukufungwa tena, sikuwa na sababu ya kupiga simu Kilole. Vuli nzima sikutoa shikamoo hata moja. Sijapata kuiona mvua nzuri kama ile.

Niliamini nimeshinda. Mahindi yalikuwa yamefika magotini meneja alipokwenda tena Korogwe kikaoni, na aliporudi aliongea na mimi badala ya ukuta, jambo lililonitia wasiwasi papo hapo. Ofisi inafungwa. Nikamwambia oda zote zimefika, waangalie wenyewe kwenye mashine yao. Akasema wanaangalia pia taarifa za mtunza mashine, na huko Handeni imeandikwa kukatakata laini tangu mwaka jana, na uamuzi ulikuwa umeshapikwa.

"Nimeulizwa chanzo kilikuwa nini," akasema.

"Ukasemaje?"

"Nimesema matumizi mabaya ya simu ofisini."

"Ya nani?"

Akageukia dirisha. "Sikutaja mtu."

Ofisi nzima ilikuwa yeye na mimi. Asingeweza kusimama mbele ya wakubwa na kulitamka jina la mkwe wake kwenye habari za uzembe, hilo lilikuwa nje ya uwezo wake, naweza hata kulielewa. Lakini la kwangu halikuwa na mila ya kulikinga. Yeye alihamishiwa Korogwe. Mimi niliambiwa nikabidhi vyombo.

Siku ya kukabidhi baba alitaka kuja. Nilimwongoza mpaka kwenye benchi la wateja, akakaa na fimbo yake katikati ya magoti, akiusikiliza ukimya wa ghala tupu. Pikapu ya kampuni ilisimama nje. Akaingia kijana mwembamba, shati kachomekea, ndevu bado zinatafuta pa kuota. Aliona kilemba changu na mvi zilizochungulia mbele, akainamisha kichwa kidogo kama alivyofundishwa kwao.

"Shikamoo mama."

Sauti nzito, ya kukwaruza. Kisha kikohozi.

Ndiye mzee wangu wa mashine. Alikuwa wa umri wa kumfundisha mwanangu wa kwanza mpira, basi. Akaniambia ametoka Korogwe kuchukua modemu na skrini, na kama ningeweza kumwitia yule binti wa kompyuta.

"Ndiye mimi," nikasema, kwa sauti yangu hii aliyonipa Mungu.

Nilimwona inavyomwingia. Alitazama mvi, akatazama meza, akatazama ile simu. Shikamoo zangu zote za mwaka ule na uliotangulia, na marahaba zake zote, na binti, binti, binti, zilikuwa zimesimama pale katikati yetu, na hakuwa na pa kuzipeleka. Masikio yalimbadilika rangi.

"Shikamoo," akarudia, chini kwa chini, na safari hii hakuwa akisalimia tu.

Nilichomoa waya kwenye modemu. Niliuzungusha taratibu kiganjani, nikaufunga, nikauweka juu ya kisanduku, nikamkabidhi. Alikipokea kwa mikono miwili.

Baba akageuza uso upande wetu. "Mwanangu," akasema, "umeamkiwa."

"Nimesikia, baba," nikamjibu. Nikamshika mkono, nikamtoa nje kwenye jua, na kijana nikamwacha amesimama na kisanduku chake. Miaka imepita, na sijamwitikia.